SOMO LA 14: NDEGE YA KRISMASI

Mashamba ya mkonge yako mengi Tanga, Muheza na Korogwe. Mkonge huchanua mara moja tu, kisha hufa. Mlingoti wake wa maua ukikauka huwa mwepesi sana, na kuuchonga ni rahisi. Kwa hiyo unafaa kutengenezea mfano wa ndege.

Tutatengeneza mfano wa Twin Otter, ndege iliyobuniwa Kanada. Katika miaka ya 1980 Shirika la Ndege la Tanzania lilikuwa na ndege za aina hii. Mabawa yake, toka ncha hadi ncha, ni meta 19.8, urefu wake ni meta 15.8.

Skeli
Skeli yetu ni 1:50. Yaani sentimeta 1 ya mfano ni sentimeta 50 za ndege yenyewe.
Mabawa: 1980 ÷ 50 = sm 39.6
Urefu: 1580 ÷ 50 = sm 31.6

Kutengeneza
1. Omba mlingoti mkavu kwa mwenye shamba. Jihadhari na miba ya majani. Chonga kiwiliwili.
2. Kata bawa la karatasi ngumu, upana sm 4. Libandike juu ya kiwiliwili, theluthi moja ya urefu kutoka puani. Bandika na mkia.
3. Bandika injini mbili zenye uzito sawa, moja kila upande.
4. Pamba kwa vijitawi vya mvinje. Mchore Baba Krismasi dirishani kwa rubani. Funga kijiwe katika kitambaa. Hiyo ndiyo zawadi yake.

Jaribio
Funga uzi wa katani katikati ya bawa, uning'inize ndege. Ongeza udongo wa mfinyanzi puani au mkiani mpaka ikae mlalo. Sasa funga zawadi mkiani. Unaona nini? Ihamishie chini ya bawa, karibu na uzi. Unaona nini?

Maelezo
Uzito wa zawadi haukubadilika; mahali pake ndipo palipobadilika. Mzigo ulio mbali na uzi huinamisha ndege zaidi. Ndege halisi hubebwa na mabawa. Mizigo ikirundikwa mkiani kupita kiasi, pua huinuka, rubani huweza kushindwa kuiongoza, na watu wakaangamia. Ndiyo sababu mizigo hupimwa na kupangwa kabla ya safari.

Maswali
1. Kwa nini injini zote mbili ziwe na uzito sawa?
2. Mnazi wa meta 15 utakuwa na urefu gani kwa skeli yetu?
3. Wavuvi hupangaje mizigo ndani ya mashua? Kwa nini?