Elimu ya Afya: Mapafu Yanapovuja

Mgonjwa wa nimonia kali anapofikishwa hospitalini akihema kwa shida, picha ya kifua huweza kuonyesha kwamba mapafu yake yamejaa maji. Wengi husema ni baridi iliyoingia kifuani. Ukweli ni kwamba maji hayo yametoka kwenye damu yake mwenyewe.

Mapafu ya mtu mzima yana mamia ya mamilioni ya vifuko vya hewa. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa midogo sana ya damu iitwayo kapilari. Ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba mno: sehemu nyingi, unene wake haufiki hata elfu moja ya milimita. Wembamba huo ndio unaoruhusu oksijeni kupita haraka, lakini pia ndio unaofanya ukuta huo uumie kwa urahisi.

Mkulima anayetumia pampu anaweza kulielewa jambo hili vizuri. Maji hutoka mahali pasipotakiwa kwa njia mbili: presha ya pampu ikizidi, au bomba likitoboka. Moyo ukishindwa kazi, presha hupanda kwenye mishipa ya mapafu na maji husukumwa nje. Hiyo ni hitilafu ya pampu. Lakini nimonia, maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, ajali mbaya, au mtu kunusurika kuzama majini, huweza kuharibu kuta za kapilari zenyewe. Hapo bomba ndilo lililotoboka, na maji pamoja na protini za damu huvuja hadi kwenye vifuko vya hewa hata kama moyo ni mzima.

Mwaka 1967, daktari David Ashbaugh na wenzake huko Denver, Marekani, walieleza kuhusu wagonjwa 12 waliokuwa na hali hiyo. Saba kati yao walifariki. Leo hali hiyo hujulikana kwa kifupi kama ARDS.

Mmoja wa watafiti waliolifuatilia jambo hili kwa miaka mingi ni Profesa Michael Matthay wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Swali lake lilikuwa rahisi kuuliza: maji yakishaingia kwenye mapafu, hutokaje? Mwaka 1982, yeye na wenzake walionyesha kupitia utafiti wa kondoo kwamba mapafu huyaondoa maji hayo yenyewe. Chembechembe za ukuta wa vifuko husukuma chumvi kuelekea upande wa damu, na maji huifuata chumvi hiyo. Mwaka 2001, akiwa na Dkt. Lorraine Ware, alionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa ARDS kazi hiyo ya kukausha mapafu huwa imezorota, na kwamba wale ambao mapafu yao bado huondoa maji kwa kasi hupona zaidi.

Somo lililotokana na hayo ni kwamba pafu lililoumia linahitaji muda wa kujitibu, na tiba isiliumize zaidi. Matthay alikuwa miongoni mwa watafiti wa Marekani waliopima jambo hilo kwa wagonjwa 861 waliokuwa kwenye mashine za kusaidia kupumua. Kundi moja lilipewa pumzi kubwa kama ilivyokuwa desturi, mililita 12 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na kimo cha mgonjwa. Kundi la pili lilipewa nusu ya kiasi hicho. Matokeo yalitolewa mwaka 2000: vifo vilishuka kutoka takriban 40 kwa kila wagonjwa 100 hadi 31. Nafuu hiyo haikutokana na dawa mpya. Kilichobadilika ni kipimo cha hewa.

Lakini mgonjwa hawezi kuhudumiwa kwa hali ambayo haijatambuliwa. Kwa miaka mingi, kuthibitisha ARDS kulihitaji kipimo maalumu cha damu, picha ya eksirei na mashine ya kupumua. Utafiti uliofanywa katika hospitali moja ya rufaa jijini Kigali, Rwanda, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha tatizo hilo. Kwa vigezo vya kimataifa vya wakati huo, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyehesabiwa kuwa na ARDS. Watafiti walipotumia kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, pamoja na picha ya ultrasaundi, walipata wagonjwa 42. Nusu yao walifariki. Vigezo vipya vya kimataifa, vilivyoandaliwa na jopo lililoongozwa na Matthay, sasa vinakubali vipimo hivyo viwili.

Kwa mkazi, maana yake ni kwamba kifaa hicho cha kidoleni ni kipimo cha maana. Kiwango cha oksijeni kilicho chini ya asilimia 90 ni hatari na mgonjwa anahitaji oksijeni bila kuchelewa.

Wakazi wanashauriwa kumfikisha mgonjwa katika kituo cha afya mara moja wakiona dalili hizi:

• Mtu mzima anayehema akiwa ametulia, au asiyeweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.
• Midomo au ulimi kugeuka rangi ya samawati au kijivu.
• Kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida.
• Mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapopumua, au anayeshindwa kunyonya au kunywa.
• Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi. Hesabu kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia.

Aliyenusurika kuzama au kuvuta moshi mwingi apelekwe kupimwa hata akionekana mzima, kwani mapafu huweza kuanza kuvuja saa kadhaa baadaye. Kinga nayo huanza nyumbani: watoto wapate chanjo zote zilizopangwa, na nimonia itibiwe mapema kabla haijafika kwenye mishipa.