Kuotesha Mizabibu Mwitu kwa Vipando

Kila mtu aliyepata kulima mihogo anajua kwamba si lazima kuwa na mbegu ili kupata mmea mpya. Hukata kipande cha shina, hukichomeka ardhini, na mvua inyeshapo kipande hicho huwa mhogo kamili. Mzabibu nao ni mmea wa namna hiyo. Katika somo hili twapenda kueleza jinsi watu wa Amerika ya Kaskazini wanavyoweza kuotesha nyumbani mizabibu imeayo yenyewe mwituni, na kwa nini kazi hiyo, ingawa ni ndogo, yataka kufikiriwa miezi mingi kabla ya kushika kisu.

Mizabibu mwitu ya huko ni ya aina nyingi. Mmoja ujulikanao sana ni ule wa kingo za mito, ambao wataalamu huuita Vitis riparia. Huonekana toka Kanada mpaka Texas, nao hupanda juu ya miti mirefu. Zabibu zake ni ndogo, nyeusi, tena kali kidogo. Watu huzipikia jemu au huzikamua maji yake. Katika mapori ya Afrika ya Mashariki pia mna mimea ya jamaa ya mzabibu, lakini hiyo siyo mzabibu wenyewe, wala maelezo haya hayaihusu.

KUCHAGUA MMEA WA KUKATA

Mtu apandaye mbegu ya zabibu hapati mmea ulio sawasawa na ule alioupenda, kwa kuwa mbegu ina baba na mama. Kipando sivyo. Kipando ni mwili wa mmea uleule. Wema wake ni uleule na kasoro zake ni zilezile. Kwa hiyo kosa la kuchagua vibaya halirekebishwi na mbolea wala maji.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mizabibu mingi ya mashambani ina maua yenye sehemu za kiume na za kike pamoja. Mizabibu mwitu imegawanyika kama mipapai: mmoja ni dume, mwingine ni jike. Vipando vyafaa kukatwa wakati wa baridi, majani yakiwa yamekwisha pukutika, na wakati huo hapana awezaye kutambua dume na jike kwa kutazama shina. Mtu akikata ovyo, huenda akautunza mmea wake kwa miaka mitatu, akaujengea na fito za kutambalia, kisha akapata maua matupu. Taabu yote imepotea.

Dawa yake ni rahisi. Nenda porini wakati zabibu zimeiva, onja, chagua mmea uzaao vizuri, ukaufunge kitambaa cha rangi. Baridi itakapokuja utaurudia huohuo. Kumbuka pia kwamba jike hatazaa ikiwa hapana chavua ya mzabibu mwingine karibu uchanuao wakati mmoja naye.

Lakini kabla ya kuonja, jihadhari. Katika misitu hiyohiyo huota mtambaa mwingine wenye sumu, Menispermum canadense, ambao matunda yake hufanana sana na zabibu. Mzabibu una vikono, yaani vinyuzi vinavyojisokota na kushika matawi; ule wa sumu hauna. Zabibu huwa na kokwa kadhaa ndogo. Tunda la sumu lina kokwa moja tu, iliyopindika kama mwezi mwandamo. Usiyejua kupambanua usile, bali umwulize ajuaye.

KUKATA NA KUPANDA

Kwanza, kata matawi yaliyokua mwaka uliopita, yenye unene wa penseli. Tawi kuukuu halitoi mizizi kwa urahisi, na lile jembamba mno halina akiba ya chakula.

Pili, kata vipando vya urefu wa inchi 10 hadi 14, kila kimoja kiwe na macho matatu au manne. Upande wa chini ukate sawa, chini kidogo ya fundo. Upande wa juu ukate mshazari, kiasi cha inchi moja juu ya jicho. Kwa alama hiyo hutasahau kichwa na mguu, maana kipando kilichopanduliwa juu chini hakistawi.

Tatu, vifunge mafungu, uandike jina la mmea, kisha uvifukie katika mchanga au unga wa mbao wenye unyevu kidogo, mahali pa baridi lakini pasipoganda. Vikikauka vimekufa; vikilowa maji vitaoza.

Nne, baridi kali ikiisha, vipande katika udongo laini usiotuamisha maji, au katika kopo refu lililotobolewa chini. Acha jicho la juu tu lionekane. Shindilia udongo ili pasiwe na uwazi, ukautie maji. Shambani acha inchi 6 baina ya kipando na kipando.

Tano, ngoja. Majani yatatokea kwanza, na mpandaji atafurahi, lakini majani hayo yanakula akiba iliyomo katika shina. Huenda mizizi ikawa bado. Wako wang'oao kipando ili watazame, wakaikata mizizi michanga iliyoanza kutoka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Weka unyevu, palilia, na usihamishe miche mpaka majira ya baridi yafuate, majani yakiisha kuanguka.

Si kila mzabibu mwitu hukubali desturi hii. Ule wa kingo za mito hutoa mizizi upesi. Vitis aestivalis ni mgumu, na Vitis rotundifolia wa majimbo ya kusini ni mgumu zaidi. Kwa hiyo ya mwisho hulaza tawi ardhini lingali limeshikamana na mama yake, hulifukia udongo, na hulikata likiisha kupata mizizi.

JAMBO DOGO LILILOOKOA MASHAMBA

Msomaji asidhani kuwa haya ni mchezo wa bustanini tu. Katika miaka ya 1860 mashamba ya mizabibu ya Ufaransa yalianza kukauka bila sababu kujulikana. Mwaka 1868 bwana Planchon na wenzake waliona wadudu wadogo mno, filoksera, wakinyonya mizizi. Wadudu hao walitoka Amerika, wakavuka bahari pamoja na mizabibu iliyopelekwa Ulaya. Mizabibu mwitu ya Amerika ilikuwa imezoea kuishi nao, na mizizi yake iliwastahimili. Basi wakulima wakabebesha mizabibu yao juu ya mashina ya kiamerika.

Lakini katika udongo wa chokaa mashina mengi yalidhoofika. Mwaka 1887 bwana Viala alitumwa Amerika kutafuta dawa, na katika Texas alisaidiwa na bwana Munson. Huko ulipatikana Vitis berlandieri, ustawio katika chokaa. Ikaonekana shida nyingine: vipando vyake havitaki kutoa mizizi. Hapo ndipo mzabibu wa kingo za mito ulipofaa tena. Wataalamu waliichanganya hiyo miwili, wakapata mashina yavumiliayo chokaa na yatoayo mizizi kwa vipando. Mpaka leo mashamba mengi duniani yasimama juu ya mashina ya ukoo huo. Mwaka 1888 serikali ya Ufaransa ilimpa Munson nishani.

Kwetu Afrika ya Mashariki, wakulima wa Dodoma, Tanzania, nao huzidisha mizabibu yao ya shamba kwa vipando, na kwa kuwa hapana baridi ya theluji huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mtu wa Kenya atakaye kujaribu atafute vipando safi vya hapa, kwa shauri la Bwana Shamba, wala asitie mfukoni kijiti cha ng'ambo bila kibali cha wakaguzi wa afya ya mimea. Filoksera ilivuka bahari kwa njia hiyohiyo.

Basi, chagua mama wakati wa matunda, kata wakati wa usingizi wake, na usiharakishe mizizi. Aliyeshika mambo hayo matatu hatajuta.