Mwanza Hutazamwa Kutoka Juu ya Jiwe

Anayetaka kuhesabu maghorofa marefu ya Tanzania ashukie Dar es Salaam, akainue shingo kwenye minara ya PSPF pale Posta. Mwanza nako maghorofa yapo na yanaongezeka, ila hakuna anayepanda basi usiku kucha kuja kuyaona. Kinachovuta macho hapa ni mawe. Mengine yana ukubwa wa nyumba, yamebebana vilimani Igogo, Mabatini na Isamilo, na nyumba za watu zimechomekwa katikati yake. Kwa hiyo, mgeni, panda juu kwanza, mitaa utaizunguka baadaye.

Mawe yenyewe ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Hayakupangwa na mtu wala jini. Mwamba ulipasuka ungali chini ya udongo, maji yakapenya kwenye nyufa na kula kingo zake, kisha mvua za enzi na enzi zikachukua udongo na kuyaacha mawe yamesimama yalivyo.

Maarufu kuliko yote ni Jiwe la Bismarck, lililo ndani ya Ziwa Victoria, karibu na kivuko cha Kamanga. Wajerumani walilipa jina la Otto von Bismarck, Kansela wao. Wengi hufika hapo saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakapiga picha mbili za haraka na kuondoka. Jua huzama upande wa ziwa, hivyo ukitaka jiwe lionekane sura yake, nenda asubuhi. Ukitaka rangi za machweo, fika saa kumi na mbili jioni. Na kama huna hela ya kukodi boti, panda kivuko cha Kamanga kama abiria wengine, uvuke na kurudi. Kwa nauli ya kawaida utaliona jiji zima kutoka majini, Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ikiwa imekaa kileleni kama mwenye mji.

Katikati ya mji upo mnara wa saa, wenye kibao kinachosema kwamba kwenye kilima cha Isamilo, tarehe 3 Agosti 1858, mpelelezi Mwingereza Speke aligundua chanzo cha Nile. Kisome, lakini kisikudanganye. Wasukuma walikuwa wakivua na kunywa maji ya ziwa hilo vizazi na vizazi. Isitoshe, siku hiyo Mwingereza huyo alikuwa akikisia tu, kwani mto wenyewe ukitoka ziwani aliuona mwaka 1862, kule Jinja, Uganda.

Kwa maoni yangu, mahali ambapo mtu asikose kwenda ni Kisiwa cha Saanane. Boti huondokea Capri Point na safari ni ya dakika chache. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikapewa jina la mzee Saanane aliyekuwa akiishi hapo, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Wapo swala, pundamilia na pimbi, lakini usipite bila kuwatazama mijusi wa majabalini. Dume ana kichwa na kifua chekundu, chini samawati, na akiota jua juu ya jiwe la kijivu utadhani amepakwa rangi jana. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, kwa jina la mji huu. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, maana njia ya kupanda juu ni ya mawe matupu. Chukua kitambulisho pia, kwani kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni.

Ukiwa na siku ya pili, toka nje ya mji. Barabara ya Musoma itakufikisha Kisesa, na hapo jirani kuna Makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada. Humo zimo ngoma za watemi na banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ukibahatika kufika mwezi Juni, katika sherehe za Bulabo, utavikuta vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana kucheza. Upande wa pili, kupitia Usagara, kuna Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Zamani hapo ulisubiri kivuko mpaka ukachoka. Sasa ni dakika chache kwa gari. Usisimamishe gari katikati ya daraja kwa ajili ya picha.

Ziwa nalo lina masharti yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia walipoteza maisha. Mnara wa kumbukumbu yao uko Igoma. Basi usipande boti isiyo na jaketi la kuokolea maisha, na ukipewa, livae, usilikalie. Maji ya kina kifupi yenye majani yana konokono wa kichocho, kwa hiyo usiogelee wala kutembeza miguu humo. Kama umeshaingia, pita hospitali ukapime, hata kama hujisikii vibaya.