Tuyape Maji Njia Yake Mapema



Hapa Shabunda mvua si mgeni. Mto Ulindi hujaa, na vijito vya msituni hufurika kwa saa chache tu. Tumezoea, na mazoea hayo ndiyo hatari.

Kumbukeni yaliyowapata jirani zetu wa Kivu ya Kusini. Aprili 2020, mto Mulongwe ulibomoa nyumba na madaraja huko Uvira. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo, mvua ilijaza mashimo ya dhahabu huko Kamituga, na watu wapatao 50 wakafia humo. Tarehe 4 Mei 2023, mito ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, ilishuka na mawe na matope. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Mvua hatuwezi kuizuia, lakini madhara yake tunaweza kuyapunguza. Mlima uliokatwa miti haushiki maji. Mchanga wa machimbo ukitupwa mtoni, mto hujaa mchanga, na maji yakikosa nafasi hupanda majumbani. Kwa hiyo:

1. Kazini. Usitupe mchanga wala mawe mtoni. Zungushia mdomo wa shimo tuta la udongo mgumu, na nje yake mtaro. Mvua kubwa ikianza, wote watoke, hata kama dhahabu imeonekana. Asirudi mtu kabla kapita hajakagua kuta na nguzo.

2. Nyumbani. Usijenge kando ya kijito wala chini ya mteremko ulio wazi. Inua msingi kwa mawe. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, lakini usielekeze maji kwa jirani. Panda mianzi ukingoni mwa kijito. Siku ya salongo, zoeni takataka mitaroni na chini ya madaraja.

3. Maji yakija. Kijito kikigeuka matope ghafla, au mkisikia mawe yakigongana, kimbilieni mahali pa juu palipo imara. Kubalianeni leo ni wapi, ili watoto wapajue. Usivuke maji yanayokimbia: yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima.

4. Baadaye. Choo kilichofurika hupeleka kipindupindu kisimani. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote.

Dhahabu itakungoja ardhini. Mtoto aliyechukuliwa na maji harudi. Jumamosi hii, shika jembe!