Mwembe wa Mangobo

Katika komini ya Mangobo, mjini Kisangani, ulikuwako mwembe mkubwa uani mwa nyumba moja. Kila asubuhi ndege wa manjano wenye vichwa vyeusi walikuja kufuma viota vyao matawini. Walichana majani ya mchikichi wa jirani, wakayaleta kwa midomo, utepe mmoja mmoja. Kelele zao hazikuwa na mwisho, na mavi yao yalianguka juu ya nguo zilizoanikwa.

Baba wa nyumba alichoka. Tena mchoma makala alimtajia bei nzuri. Basi akasema, "Mama, kesho tutaukata mti huu."

Mama yake, nyanya wa watoto, aliacha kutwanga sombe. Akamjibu, "Mwanangu, mwaka wa 2000 ulikuwa mtoto mdogo. Vita ilipokwisha, mimi nilikaa wapi?"

Baba akanyamaza. Alikumbuka.

Tarehe 5 mwezi wa sita mwaka ule, askari wa Rwanda na askari wa Uganda walianza kupigana ndani ya Kisangani. Walipigana siku sita. Mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu, na wengi wasio na silaha wakafa. Nyanya alifiwa na ndugu yake. Hakutaka kula, hakutaka kusema. Kila siku alikalia kigoda chini ya mwembe, akitazama juu. Mizinga ilikuwa imenyamaza, na ndege walikuwa wamerudi kufuma viota vilivyoanguka. Majuma yakapita. Siku moja akawaita watoto waje kumwona ndege aliyefunga fundo kwa mdomo. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza.

Je, mti waweza kumtuliza mtu? Wazee walijua hivyo bila kufundishwa. Ndiyo maana wengi waliweka baraza lao chini ya mti. Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka wa 1984 Roger Ulrich wa Marekani aliandika habari za wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti. Wengine lilitazama ukuta wa matofali tu. Wale walioona miti walirudi nyumbani mapema kidogo, wala hawakuhitaji sana dawa kali za maumivu. Mti haukushona jeraha, lakini ulipumzisha moyo, na moyo uliopumzika huusaidia mwili.

Kwa kuwa Kisangani ni mji wa msituni, mtu aweza kudhani kwamba miti ya mjini si kitu. Sivyo. Msitu husogea mbali kwa sababu ya mashamba na makala. Msitu wa Masako, ambamo watu wa Chuo Kikuu cha Kisangani huchunguza wanyama na mimea, uko karibu kilometa 14 kutoka mjini. Mtoto wa Mangobo hawezi kwenda huko kupumzika baada ya masomo. Karibu zaidi iko bustani ya wanyama, kando ya mto Tshopo. Vita viliiharibu, na wanyama wengi wakatoweka. Bustani ya wanyama iliyopoteza wanyama wengi ni jambo la ajabu, lakini watu wameendelea kwenda kukaa kivulini na kusikiliza maji.

Kesho yake mchoma makala alifika na shoka lake. Baba alimpa tawi moja tu, lile lililofika juu ya bati la nyumba. Mtu yule akaenda zake akinung'unika. Nyanya akawaita watoto wahamishe kamba ya nguo.

MASWALI
1. Kwa nini baba alitaka kuukata mwembe?
2. Nyanya alisema nini mara ya kwanza baada ya vita?
3. Wagonjwa wa Pennsylvania waliona nini dirishani?
4. Taja mti mmoja wa mtaa wenu. Ndege gani hukaa ndani yake?