Damu ya istihadha: usiishie kwenye fiqhi tu

Madrasa tumesoma kuwa damu ya istihadha haimzuii mwanamke kuswali. Ni kweli. Lakini hukumu hiyo inahusu ibada. Haikuambii damu inatoka wapi. Mama aliyekwishakoma hedhi akiona damu, au mke akitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, aende hospitali wiki hiyo hiyo, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi.

Wala usingoje damu. Saratani hii husababishwa na kirusi cha HPV, na hujijenga kwa miaka mingi bila maumivu. Ukifika miaka 30, kapime. Kipimo kimojawapo ni siki: mlango wa kizazi hupakwa siki nyepesi, na penye kasoro hugeuka peupe. Ni dakika chache tu. Mara nyingi doa hutibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au joto.

"Nitavuliwa nguo mbele ya mwanamume?" Omba mhudumu wa kike, ni haki yako.

"Wakikata kinyama cha kupima, si itasambaa?" Hapana. Kinyama ndicho kinachothibitisha ugonjwa. Kuchelewa ndiko kunakousambaza, na hapa akina baba mnaobania nauli mjiangalie.

Ikigunduliwa mapema hufanyiwa upasuaji. Iliyoendelea hutibiwa kwa mionzi na dawa, kama pale Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa aliyedhoofu Ramadhani anayo ruhusa ya kula, akipona atalipa.

Na binti yako wa miaka 9 hadi 14? Tangu 2024 chanjo ya HPV Tanzania ni dozi moja tu.