Dondoo muhimu: Kutuma kazi kwenye kompyuta za pamoja za taasisi

Usiendeshe hesabu nzito kwenye mashine ya kuingilia. Utawakwamisha wote waliomo. Andika skripti, itume kwa amri ya sbatch, na Slurm, programu inayogawa kazi kwenye kompyuta hizo, itaipanga foleni.

Muda unaoomba upime kwa makini kuliko yote. Ukiomba saa 48 kwa kazi ya saa 3, utasubiri bure, maana kazi fupi huchomekwa kwenye nafasi zilizo wazi wakati kazi kubwa bado zinangoja. Ila usijibane mno: kwa kawaida muda ukiisha kazi hukatwa, hata kama imebakiza kidogo. Jaribu kwanza na data chache, tazama kwa sacct muda na memori vilivyotumika, kisha ongeza akiba kiasi.

Kazi ndefu ihifadhi matokeo njiani. Ukigundua kosa, ifute kwa scancel papo hapo. Usiiache ishikilie prosesa ambazo mtafiti mwingine anazihitaji.